Je, Wajua? Shangwe za Mwambao wa Nyasa Zina Filimbi

Je, wajua kwamba mlio wa mzinga wa Vita Kuu ya Kwanza uliwahi kudhaniwa kuwa fujo za mlevi? Ilikuwa Agosti 1914, pale Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba unaofanana na Sphinx ya Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Guendolen, meli ya Waingereza kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), ikatokea na kuanza kuipiga mizinga. Nahodha wa Wajerumani, Berndt, hakuwa na habari ya vita yoyote, ila alimfahamu vizuri nahodha wa upande wa pili, Rhoades. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakinywa pamoja. Akaingia kwenye mashua ndogo, akaifuata Guendolen kwa hasira na kumfokea mwenzake: umelewa nini? Akaelezwa kwamba nchi zao zinapigana, na papo hapo akawa mateka.

Vita hiyo iliwazoa maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki wakawa askari na wapagazi. Waliosalimika walirudi makwao na gwaride miguuni, na hapo ndipo ilipopata nguvu ngoma ambayo mtu wa Mbinga au Mbamba Bay hahitaji kuelezwa: mganda.

Mganda ni mtoto wa beni, ngoma iliyoanza mwambao wa Kenya miaka ya 1890 kwa kuigiza bendi za kizungu. Beni ilikuwa na vyama vilivyoshindana vikali, Arinoti na Marini vikiwa mashuhuri zaidi, kila kimoja na Kingi wake na majenerali wake. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Serikali ya kikoloni iliitazama kwa wasiwasi, ikahofia kwamba nyuma ya zile kofia na vyeo kuna njama. Mimi nawaona vijana waliochoka kuamriwa kushoto-kulia na wageni, wakaamua kuamrishana wenyewe, kwa raha zao.

Na raha hiyo ina mpangilio. Wanaume husimama mistarini, kaptura nyeupe zimepigwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini. Ngoma kubwa inadunda. Kiongozi akipuliza filimbi, safu nzima inageuka kwa pamoja, na uwanja unalipuka kwa vigelegele. Wanawake wana ngoma yao, kioda. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, mganda huitwa pia malipenga.

Je, wajua kwamba tarumbeta za mganda ni vibuyu? Kibuyu hukatwa ncha, kikatobolewa tundu, kisha tundu likazibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji hapulizi kama mpiga tarumbeta. Huimba ndani yake, na ule utando mwembamba unatetemeka hadi sauti ya mtu inageuka mlio mkali wa shaba. Vibuyu vikubwa hutoa besi, vidogo hujibu juu. Vikikusanyika vingi, asiyejua ataapa kwamba anasikia bendi ya jeshi inapanda kutoka ziwani. Natamani kila mtoto wa shule mkoani Ruvuma akishike kibuyu hicho japo mara moja, ausikie utando ukimtekenya midomo.

Je, wajua kwamba kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, watu watatu tu wanatosha kufanya mkusanyiko haramu? Wakikutana kwa nia ya kutenda kosa, au wakafanya jirani aingiwe na hofu kwamba amani itavunjika, tayari. Mganda una watu wengi kuliko hao, makelele mengi kuliko hayo, na jirani ndiye anayewahi kufika uwanjani na kigoda chake.

Ngoma ndugu yake, kalela, ilichezwa na vijana wa mji wa migodi wa Luanshya, Zambia. Msomi J. Clyde Mitchell aliiona mwaka 1951, akaiandikia kitabu kilichotoka 1956. Kikundi alichokieleza kilikuwa na mfalme wake na daktari wake mwenye joho jeupe lenye msalaba mwekundu. Kilikuwa pia na nesi. Ngoma ikiwa imepamba moto, vumbi limetanda na jasho linachuruzika, nesi alipita mstarini na kioo mkononi, akimshikia kila mchezaji ajitazame, kisha akampa leso ajifute uso.