Likasi: Kelele ya kompyuta kwenye spika inaweza kuwa onyo la hatari

Kwaya iko tayari kurekodi, mikro imewashwa, lakini spika zinavuma na kupiga mluzi kabla mtu hajaimba. Kwa wanaorekodi kwa kompyuta mjini Likasi, jimboni Haut-Katanga, chanzo kinaweza kuwa alimentation, kisanduku kinachoipa kompyuta umeme.

Kisanduku hicho kinapokea volti 220 kutoka kwenye prizi na kuzikatakata maelfu ya mara kwa sekunde ili kuzishusha hadi volti 12, 5 na 3.3. Kukatakata huko kunazaa kelele. Kichujio cha ndani kinaielekeza kelele hiyo kwenye waya wa ardhi, yaani terre. Nyumba isipokuwa na terre, kelele inapita kwenye waya wa sauti. Bati la kompyuta nalo linaweza kubaki na karibu volti 110, na anayeligusa anasikia mtekenyo.

Kwa kompyuta ya mkononi, jaribio ni rahisi: chomoa chaja, tumia betri. Kelele ikiisha, tatizo liko upande wa chaja.

Dawa ya kwanza ni kuchomeka kompyuta na mikseri kwenye rallonge moja yenye terre, na kutenga waya za mikro na zile za umeme. Kama nyumba haina terre, fundi umeme achimbie chuma ardhini na kukiunganisha na prizi.

Kukata terre ili kunyamazisha spika ni hatari: siku alimentation ikiharibika, volti 220 zinaweza kumpitia anayegusa kompyuta au mikro.