Wanaoitunza Japani mbali na Japani

Mwaka 1946 mshairi mmoja wa Hiroshima, Kurihara Sadako, aliandaa diwani aliyoiita Kuroi Tamago, yaani mayai meusi. Japani ilikuwa imeshindwa vita. Nchi ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Marekani na washirika wake, na kitabu hakikutoka bila kupita mezani kwa wadhibiti wa jeshi. Prufu, yaani nakala za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, zilipelekwa, baadhi ya mashairi yakakatwa, diwani ikatoka pungufu. Toleo kamili halikuonekana madukani mpaka 1983, na kilicholiwezesha ni zile prufu walizozikata wadhibiti wenyewe. Muda wote huo zilikuwa zimetunzwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani.

Aliyezipeleka huko ni Gordon Prange, mwanahistoria wa chuo hicho aliyekuwa akifanya kazi Tokyo katika makao makuu ya Jenerali MacArthur, mkuu wa majeshi hayo. Udhibiti ulipokoma mwaka 1949, ofisi ilibaki na shehena ya karatasi isiyokuwa na mwenyewe: kila gazeti, kila jarida, kila kitabu na kijitabu ambacho wachapishaji wa Japani walilazimika kukiwasilisha tangu 1945. Wengine waliona takataka za ofisi. Prange aliona historia ya taifa zima katika miaka yake migumu, akapigania isafirishwe kwa meli. Leo mkusanyo huo wenye jina lake una vitabu na vijitabu takriban 71,000, majarida ya majina 13,800 na magazeti ya majina 18,000 hivi. Humo yamo matangazo ya vyama vya wafanyakazi, majarida ya vijijini, vitabu vya watoto, na makala za watu waliokuwa wakilala njaa na kukatazwa kusema kwamba kuna njaa.

Wadhibiti walikuwa na orodha ndefu ya mwiko. Usiwaseme vibaya majeshi ya washirika, usitaje biashara ya magendo, usizungumzie uhusiano wa askari wa Kimarekani na wanawake wa Kijapani. Kubwa kuliko yote, usitaje kwamba udhibiti wenyewe upo. Serikali ya Japani ya kabla ya vita ilipofuta maneno, mchapishaji aliweza kuacha alama za X, msomaji akajua hapa pamekatwa. Wamarekani walikataza hata hizo alama. Nakala iliyokwenda sokoni ilionekana nzima na safi, na jeraha lilibaki kwenye prufu peke yake. Ndiyo maana anayetaka kujua nini kilifutwa Tokyo lazima apitie Maryland.

Lakini masanduku hayajipangi. Yalikaa miaka kabla ya kazi ya kuyaorodhesha kuanza, na karatasi iliyotengenezwa Japani wakati huo wa dhiki ilikuwa duni mno: ina asidi, inageuka kahawia, inavunjika ukingoni kila inapoguswa. Miaka ya 1990 maktaba ilishirikiana na Maktaba ya Taifa ya Japani kuyapiga majarida picha za filamu ndogo, na baadaye ikaja kazi ya kuingiza vitabu kwenye kompyuta. Wanaofanya kazi za namna hii ni wakutubi wa masomo ya Kijapani, kada ndogo sana. Katika vyuo vingi vya Marekani na Ulaya yupo mmoja tu, na kuna vyuo ambako mmoja huyohuyo anabeba pia vitabu vya Kichina na Kikorea.

Mkutubi wa fani hii akipokea kitabu kipya, haanzi na jalada. Anakigeuza, anakwenda mwisho, kwenye ukurasa uitwao okuzuke. Hapo pana jina la mwandishi na mchapishaji, tarehe, na chapa ya ngapi. Desturi hiyo ina mkono wa dola ndani yake. Mwaka 1722 serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, iliamuru kila kitabu kipya kionyeshe mwishoni majina halisi ya mwandishi na mchapishaji, ili kikileta chokochoko ijulikane mlango wa nani ubishwe. Amri ya kuwabana waandishi imegeuka kuwa neema kwa wakutubi.

Neema hiyo ina thamani kwa sababu ya majina. Chukua jina linaloandikwa kwa herufi mbili, ya pembe na ya shamba la mpunga. Linaweza kusomwa Tsunoda, Kakuta, au hata Kadota, na hakuna kanuni ya kukuambia lipi ni lipi. Mwenye jina ndiye ajuaye. Okuzuke ya kitabu cha kisasa mara nyingi huweka matamshi kwa herufi ndogo pembeni. Yasipokuwapo, mkutubi anaingia kwenye kamusi za majina ya watu, anatafuta vitabu vingine vya mwandishi huyo, anaandika barua kwa wenzake. Akikosea, kitabu kimepotea. Kiko kwenye rafu, kimelipiwa, kina namba mgongoni, ila anayemtafuta Tsunoda kwa herufi za Kilatini hatakiona kamwe kwa sababu kimeorodheshwa kwa Kakuta.

Sikuchagua jina hilo ovyo. Tsunoda Ryusaku ndiye aliyeanzisha mkusanyo wa vitabu vya Kijapani uliokuja kuwa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwishoni mwa miaka ya 1920. Alikuwa mwalimu na mtunza vitabu kwa pamoja, na wanafunzi walimwita Sensei tu, kana kwamba hakuna mwalimu mwingine duniani. Mmojawao, Donald Keene, alikuja kuwa mfasiri mkubwa wa fasihi ya Kijapani kwa Kiingereza. Japani iliposhambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, Desemba 1941, Tsunoda aliwekwa kizuizini kama raia wa adui. Aliachiwa, akarudi darasani.

Aliyemtangulia katika kazi hii ni Asakawa Kan'ichi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kwa maoni yangu huyu ndiye wa kuanza naye mtu akitaka kuielewa. Alizaliwa 1873 Nihonmatsu, mkoa wa Fukushima, katika ukoo wa samurai, akapata shahada ya uzamivu Yale mwaka 1902. Mwaka 1906 alirudi Japani akiwa na jukumu la kununua vitabu kwa ajili ya Yale na Maktaba ya Bunge la Marekani. Alikusanya maelfu ya majuzuu. Pale ambapo hati ya zamani haikuuzwa kwa bei yoyote, kwa mfano iliyomilikiwa na hekalu, aliajiri watu wainakili kwa mkono. Mwaka 1907 akakabidhiwa mkusanyo wa Yale, akautunza hadi uzeeni huku akifundisha na kuandika historia ya ukabaila wa Japani. Mtafiti wa Yale leo akifungua hati ya enzi hizo, anasoma kilichochaguliwa na jicho la mtu mmoja zaidi ya karne moja iliyopita.

Hapa ndipo penye uzito wa kazi. Mkutubi mwenye fedha chache huamua nini kitajulikana. Akinunua riwaya na kuacha ripoti za viwanda, kizazi kizima cha wanafunzi kitaandika kuhusu riwaya. Mwaka 1950 hivi Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilinunua vitabu, hati na ramani takriban 100,000 kutoka familia ya Mitsui, matajiri wa Tokyo ambao himaya yao ya biashara ilikuwa inavunjwa baada ya vita. Ramani za kale pekee zilipita 2,000. Wanaoandika leo kuhusu ramani za Japani ya kale hawawezi kuiruka Berkeley, na chanzo chake ni uamuzi wa watu wachache wa maktaba waliokuwa na hundi wakati mwafaka.

Vitabu vya kabla ya karne ya 20 vina mtihani wao. Vingi viliandikwa au kuchongwa kwenye mbao kwa mwandiko wa mviringo uitwao kuzushiji, ambao shule za Japani ziliuacha baada ya serikali kusanifisha herufi mwaka 1900. Mjapani wa kawaida leo hawezi kuusoma. Tarehe nazo zina mambo: mpaka mwisho wa 1872 Japani ilifuata kalenda ya mwezi, kwa hiyo kitabu cha mwezi wa 12 mara nyingi huangukia Januari au Februari ya mwaka unaofuata kwa hesabu yetu. Wanaoshughulikia hati za Kiswahili zenye tarehe za Hijria wanalijua vizuri tatizo hilo.

Tangu 2021 kuna programu ya simu iitwayo miwo inayopiga picha ya kuzushiji na kuibadili kuwa herufi za kisasa kwa akili mnemba. Inasaidia kweli. Ila nina wasiwasi na wakuu wa vyuo wanaoona kwamba basi, mtaalamu hahitajiki tena. Programu inasoma ukurasa uliowekwa mbele yake. Haijui ni sanduku gani la kununua mnadani, wala haitambui kwamba ukurasa unaofuata umenyofolewa.

Tena Japani yenyewe ilichelewa mno kuuza vitabu vya kielektroniki kwa maktaba. Janga la korona lilipofunga majengo mwaka 2020, mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza aliendelea kusoma akiwa chumbani, na wa Kijapani akagundua kwamba kitabu chake kipo kwa karatasi tu, ndani ya jengo lililofungwa. Hata hazina za magazeti za mtandaoni huuzwa kwa leseni za watumiaji wachache kwa wakati mmoja. Akiingia mmoja, mwingine anasubiri. Kupambana na mikataba hii kunakula siku za mkutubi kuliko vitabu vyenyewe. Kusaidiana lakini hakukuanza na mtandao: maktaba za Amerika Kaskazini ziliunda baraza lao la pamoja mwaka 1991, likasaidia vyuo kununua seti kubwa za majuzuu mengi kwa sharti moja: ukinunua, uwaazime wenzako.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura anayefikiria kuisoma Japani, ziko njia zilizo wazi. Maktaba ya Taifa ya Japani imeweka mtandaoni vitabu vingi vilivyokwisha muda wa hakimiliki, na kuvisoma ni bure. Ukikwama, mwandikie mkutubi wa chuo chochote chenye masomo ya Kijapani, kwani kujibu maswali ni sehemu ya kazi yake. Mpe jina la kitabu na la mwandishi kwa herufi za Kijapani, mwaka na mchapishaji, na umweleze umekwishatafuta wapi. Usimwandikie kwa herufi za Kilatini peke yake.