Tumbo Si Neno Moja

Msemaji wa Kiswahili akisema "tumbo laniuma", bado hajasema mengi. Neno hili hutaja sehemu ya mbele ya mwili, mfuko unaopokea chakula, utumbo, na hata mahali pa uzazi. Katika mazungumzo ya kila siku utata huo haudhuru. Mbele ya daktari, waweza kudhuru.

Tuchukue mfano wa maradhi yaliyo adimu. Mwaka wa 1955, wapasuaji wawili wa Ohio, Marekani, Robert Zollinger na Edwin Ellison, walieleza habari za wagonjwa wawili ambao vidonda vyao vilirudi licha ya kupasuliwa tena na tena. Chanzo hakikuwa kwenye mfuko wa chakula, bali uvimbe katika kongosho, tezi iliyolala nyuma ya mfuko huo. Leo twajua kwamba uvimbe wa aina hii, ambao pia huota mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hutoa homoni ya gastrini kupita kiasi. Gastrini huuchochea mfuko wa chakula kumwaga asidi, nayo asidi huchimba vidonda na kuleta kuhara.

Ajabu haiishii hapo. Gastrini hiyo hiyo huzikuza baadhi ya seli za ukuta wa mfuko wa chakula, hata nako kukaota uvimbe. Hali hii ya viungo viwili kuugua pamoja huonekana hasa kwa watu waliorithi kasoro ya jeni iliyotambuliwa mwaka wa 1997. Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi.

Hatusemi haya ili kumtisha mtu. Vidonda vingi husababishwa na bakteria au na dawa za maumivu kama vile aspirini. Wala si kila uvimbe ni saratani, ingawa huu wa gastrini waweza kuenea hadi kwenye ini. Hata hivyo, mgonjwa ambaye vidonda humrudia baada ya tiba, anayehara kwa muda mrefu, au aliye na jamaa waliopata uvimbe wa tezi, yafaa amweleze daktari yote hayo. Dawa za kupunguza asidi zipo, na upasuaji upo.

Mwanafunzi wetu hufundishwa viungo hivi kwa Kiingereza, kisha hurejea kwa nyanya yake bila neno la kumweleza. Ilhali nyanya ndiye ajuaye nani katika ukoo aliugua nini. Neno kongosho tunalo, enyi walimu. Tulifundishe.