Paka mzee anapougua kisukari na figo

Masasi/Newala. Paka wengi wa huku hawafugwi kwa urembo. Wanafugwa kwa sababu ya panya, hasa magunia ya mahindi na korosho yanapopangwa ndani. Lakini miaka ikienda, paka anakuwa mwanafamilia. Aliyeletwa wakati mtoto wa kwanza anaanza darasa la kwanza, leo mtoto yuko kidato cha nne na paka ana miaka 10 au zaidi. Kwa paka, huo ni uzee.

Katika umri huo baadhi ya familia huona jambo geni: bakuli la maji halikai na maji.

Newala jambo hilo haliwezi kupita bila kuonekana. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Mvua inazama mchangani, na maji ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, kule bondeni Kitangari. Mama anayepanga ndoo zake kwa hesabu anajua nani katumia nini. Rahisi kufikiri kwamba dawa ni kumpunguzia paka maji, au kumlaza nje kwa kuwa anakojoa hovyo. Uamuzi huo unaweza kumuua ndani ya siku chache.

Paka huyo anakunywa sana kwa sababu anapoteza maji mengi kwenye mkojo. Chanzo kinaweza kuwa kisukari, kinaweza kuwa figo, na kwa paka mzee vyote viwili vinaweza kukutana.

Kisukari cha paka kinafanana zaidi na aina ya pili ya binadamu: mwili unakaidi insulini huku kongosho likichoka. Paka wanene na madume yaliyohasiwa wako hatarini zaidi. Sukari ikizidi kwenye damu, figo zinashindwa kuirudisha yote mwilini, inatoka na mkojo na kuvuta maji. Ndiyo maana sisimizi wanaweza kujaa mahali paka alipokojoa, dalili ambayo wazee wetu wanaijua kwa binadamu. Paka anakula kama mwenye mimba lakini anakonda. Wengine huanza kutembea wakikanyaga kwa visigino vya miguu ya nyuma badala ya vidole, kwa sababu mishipa ya fahamu imeathirika.

Figo nazo huharibika kimyakimya. Dalili zinapoonekana, takriban theluthi mbili ya uwezo wake huwa umekwisha potea, na haurudi. Paka anatapika, mdomo unanuka, chakula anakinusa na kukiacha. Hapo familia inachanganyikiwa, maana ugonjwa mmoja unaleta njaa na mwingine unaiondoa.

Kama bibi ana kisukari, mashine ya kupimia sukari ipo nyumbani na kishawishi cha kumtoboa paka sikio ni kikubwa. Namba itakayotoka ni fununu tu. Paka akishikwa kwa nguvu, hofu peke yake inapandisha sukari. Anahitaji kupimwa mkojo na damu, ikiwemo kreatinini inayoonyesha hali ya figo, na mtu wa kuanza naye ni daktari wa mifugo wa halmashauri. Ni kweli siku zake nyingi zinaishia kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini paka naye amemsomea. Akikwama, anaweza kuuliza Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Mtwara, au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Apigiwe simu kabla ya kumtia paka kwenye kapu na kupanda basi.

Tiba ya kisukari ni insulini, mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Kwa familia inayoamka mapema kwenda shamba, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni ni ratiba inayowezekana. Paka wengi huanzishiwa yuniti 1 hivi, na daktari ndiye anayepanga na kubadilisha. Kwenye bomba la sindano la insulini, yuniti 1 ni kiasi kidogo mno, karibu si kitu machoni. Mkono uliozoea kuvuta yuniti 20 za bibi ukimhudumia paka bila kuangalia, paka anaweza kufa. Mtu mmoja mzima awe na kazi hiyo, na aandike kwenye daftari kila anapochoma, ili baba na mama wasimchome mara mbili.

Chakula kwanza, sindano baadaye. Akigoma kula, sindano isitolewe kama kawaida, daktari aulizwe. Akianza kuyumba, kulegea au kutetemeka, sukari huenda imeshuka mno: apakwe asali au maji ya sukari kwenye fizi, kidole kisiingizwe kati ya meno, kisha daktari apigiwe.

Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa inahitaji friji. Inayotumika hukaa hadi wiki nne mahali pa ubaridi pasipofikiwa na jua, na chungu kilichowekwa kwenye mchanga wenye unyevu kinasaidia, zaidi kwenye joto la Masasi. Juu ya bati si mahali pake.

Kwenye chakula ndiko magonjwa haya mawili yanakogombana. Ugali unapandisha sukari. Dagaa, ambao ndio kitoweo cha paka wengi, wana mifupa yenye fosforasi nyingi, na fosforasi inazichosha figo mbovu; wa chumvi ni wabaya zaidi. Kinachobaki ni nyama ya kuku au samaki isiyo na mifupa, iliyochemshwa na maji yake kumwagwa, pamoja na ute wa yai uliopikwa. Chakula hicho peke yake hakikamiliki kwa miezi mingi, hivyo daktari aulizwe cha kuongeza. Lakini paka mgonjwa wa figo anayekula kisicho bora ana nafuu kuliko anayekataa kilicho bora. Akikubali dagaa tu, wachambuliwe mifupa, waloweshwe na kuchemshwa.

Na maji yawepo saa zote, hata siku bomba halitoki.

Kasha la dawa la nyumbani lisimguse. Paracetamol inaua paka, hata kidonge kimoja. Diclofenac na ibuprofen zinamalizia figo. Metformin ya bibi haifai pia. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, mbali na watoto, na mjamzito asisafishe kinyesi cha paka. Awe amechanjwa kichaa cha mbwa, kwa kuwa anayechomwa kila siku kuna siku atauma. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa aende kituo cha afya.

Si kila familia itaweza, na hakuna aibu kusema hivyo. Fedha ya insulini ya paka isitoke kwenye dawa ya bibi wala kwenye daftari za shule. Daktari anaweza kusaidia kupunguza kichefuchefu na kuongeza maji chini ya ngozi, bila kufukuzia namba nzuri. Paka anayebaki siku nzima amejikunja, hajilambi na hageuki akiitwa, anaweza kulazwa kwa sindano asiteseke.

Mtoto aambiwe kabla, kwa neno lenyewe: atakufa. Akiambiwa "analala", usiku huohuo anaweza kuogopa kufumba macho. Aruhusiwe kuaga na, akitaka, kushika jembe wakati wa kuchimba shimo, liwe la kina mbwa wasifukue. Insulini iliyobaki irudishwe kwa daktari. Isirudi kwenye kasha la bibi.