Ukwaju na Uji wa Obunga

Waarabu huuita ukwaju tamr hindi, yaani tende ya India, na kwa ajili ya jina hilo watu wengi hudhani kwamba mti wake uliletwa kutoka ng'ambo. Sivyo. Mkwaju ni mti wa Afrika, nao huota wenyewe katika sehemu kavu za kandokando ya Ziwa Victoria, mara nyingi juu ya vichuguu. Wajaluo huuita chwaa.

Katika Obunga, mtaa ulio jirani na viwanda vya Kisumu, nyumba zimesongamana mno hata mti mkubwa namna hiyo haupati nafasi. Basi ukwaju hununuliwa sokoni kwa mafungu, au huletwa na jamaa watokao mashambani. Akina mama wa Obunga si watu wa kudharau chakula: ndio wanaokaanga mifupa ya mbuta iliyoachwa na viwanda, iitwayo mgongo wazi, ikawa kitoweo.

Ukwaju ulioiva hujulikana kwa ganda lake, ambalo huwa la rangi ya kahawia na kuvunjika kama ganda la karanga. Uliolala chini siku nyingi huingiwa na wadudu, kwa hiyo yafaa kuutazama vema kabla ya kuutia kikapuni. Maganda na nyuzi zikiisha kuondolewa, hulowekwa katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu saa, ukafikichwa kwa mkono na kuchujwa, kokwa zikabaki. Chombo kiwe cha udongo, wala si cha shaba au alumini, maana ukali wake hula madini. Maji hayo hutiwa katika uji wa wimbi au wa mtama uliokwisha kuiva, pamoja na sukari kidogo. Mpishi asichanganye na maziwa, yatakatika.

Adui wa uji huu ni tanuri la makaa. Mkata mkwaju hupata magunia yake mara moja tu, lakini mti mkubwa waweza kuzaa zaidi ya kilo 100 kwa mwaka, na kuendelea kuzaa hata baada ya kufa aliyeupanda. Mche utokao katika kokwa huchukua miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa. Katika muda huo mama wa mjini atanunua ndimu.

Ukwaju mwingi ukipatikana kwa wakati mmoja, huondolewa kokwa, hutiwa chumvi na kufinyangwa mabonge. Mabonge hayo yakiwekwa mahali pakavu hukaa miezi mingi.