Mtoto anayezubaa darasani huenda ana kifafa

Watu wengi wakisikia neno kifafa hufikiria mtu aliyeanguka chini, akitupa mikono na miguu huku povu likimtoka mdomoni. Lakini kuna kifafa ambacho mtoto haanguki, hapigi kelele wala hatoi povu. Anazubaa tu.

Zamani kiliitwa kifafa kidogo. Huwapata watoto wa kati ya miaka 4 na 10, na mara nyingi huanza wakiwa na miaka 5 hadi 7. Huo ndio umri wa kujifunza kusoma na kuhesabu, na ndiyo sababu mtoto wa aina hii huitwa mvivu, mkaidi au mjinga kabla ya mtu yeyote kufikiri kwamba ni mgonjwa.

Utamtambuaje? Mtoto yuko katikati ya sentensi, ghafla ananyamaza. Macho yanakodoa, pengine kope zinapepesa au midomo inachezacheza. Ukimwita hasikii, ukimgusa hashtuki. Baada ya sekunde 10 hivi anaendelea na alichokuwa akifanya, wala hajui kwamba kuna kitu kilichompita.

Hali hii inaweza kumrudia mara kadhaa kwa siku, na kwa wengine mara kumi kumi. Chukua mtoto anayezubaa mara 50 kwa sekunde 10 kila mara. Kwa siku nzima amepoteza zaidi ya dakika 8. Si nyingi, utasema. Lakini dakika hizo zimekatwa vipande 50, na kila kipande kimemnyang'anya neno moja la mwalimu.

Hatari nyingine iko nje ya darasa. Huku Kitui na Makueni watoto huchota maji kwenye visima vya mchanga mitoni, hupanda miembe na kusaidia jikoni penye moto. Wengine huvuka barabara kuu ya Mombasa pale Emali, Kibwezi au Mtito Andei. Sekunde 10 za kutojifahamu mbele ya lori zinatosha kuua.

Ni nini hasa kinachotokea ndani ya ubongo?

Katikati ya ubongo kuna sehemu iitwayo thalamasi. Ifikirie kama stesheni kubwa ya matatu: karibu habari zote kutoka machoni, masikioni na kwenye ngozi hupitia hapo kabla ya kufika kwenye ganda la ubongo, ambako mtu hufikiri. Stesheni na ganda huwasiliana kila wakati kwa umeme mdogo.

Seli za thalamasi zina vijilango vya kupitisha madini ya kalsiamu. Vilevile ubongo una kemikali iitwayo gaba, ambayo kazi yake ni kutuliza seli, kama breki ya gari. Ajabu ya kifafa hiki ni kwamba breki ikishika sana, vijilango vile hujiweka tayari kama mtego. Breki ikilegea kidogo tu, vyote hufyatuka pamoja. Kisha breki hushika tena, na mtego ukategwa upya. Mzunguko huo hurudia mara 3 hivi kila sekunde, na stesheni haipitishi tena habari kama kawaida.

Umeme huo unaweza kuonekana. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kutangaza kazi yake mwaka 1929. Mwaka 1935, mjini Boston, Marekani, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox walionyesha mawimbi ya kifafa hiki: ncha na wimbi, ncha na wimbi, mara 3 kwa sekunde. Hadi leo alama hiyo ndiyo tunayoitafuta kwa kipimo cha EEG, ambacho hufanywa kwa kubandika nyaya kichwani bila maumivu yoyote.

Hapa wazazi wengi hukosea njia. Husikia mtoto ana tatizo la ubongo, wakauza mbuzi ili kulipia picha ya CT au MRI mjini Nairobi. Katika kifafa hiki picha hiyo kwa kawaida hutoka safi, kwa kuwa tatizo si kovu wala uvimbe. Liko kwenye mwendo wa umeme. Picha safi haina maana kwamba mtoto anajifanya. Kama fedha zinatosha kipimo kimoja tu, muulize daktari wako kama EEG haistahili kutangulia.

Picha za kitafiti ni jambo lingine. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima watoto kwa MRI na EEG kwa pamoja. Waliona kwamba mabadiliko katika sehemu fulani za ubongo huanza zaidi ya sekunde 5 kabla ya mtoto kuzubaa, na huendelea hata baada ya macho yake kurudi hali ya kawaida. Kwa hiyo mwalimu asishangae mtoto akichelewa kuelewa.

Sasa tuje kwenye dawa, na hapa msomaji naomba usome polepole. Si kila dawa ya kifafa inafaa kila kifafa. Kabamazepini, ambayo hutumika sana kwa aina nyingine, inaweza kuzidisha kuzubaa. Fenitoini nayo ni vivyo hivyo, na fenobabitoni haifai kwa aina hii. Hata hivyo usimwachishe mtoto dawa ghafla, maana anaweza kupatwa na kifafa kikali cha kuanguka. Rudi kwa daktari aibadilishe taratibu.

Dawa inayofaa zaidi ni ethosaksimaidi, ambayo huziba vile vijilango vya kalsiamu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, watoto 453 walipewa moja kati ya dawa tatu. Baada ya wiki 16 dawa ilikuwa imewafaa asilimia 53 ya waliopewa ethosaksimaidi, asilimia 58 ya waliopewa valproeti, na asilimia 29 tu ya waliopewa lamotrijini. Lakini valproeti iliwaachia watoto wengi zaidi shida ya kutotulia kimawazo: asilimia 49 dhidi ya 33. Tena mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba valproeti isitolewe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni. Mzazi wa binti alikumbuke hilo.

Ethosaksimaidi haipatikani katika kila duka la dawa. Piga simu uulize kabla ya kupanda gari kwenda Wote, Kitui mjini au Nairobi.

Kifafa hiki pia ni rahisi kukosa kuhesabiwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, ulioshirikisha Kilifi hapa Kenya, Ifakara kule Tanzania, Iganga nchini Uganda pamoja na Ghana na Afrika Kusini, ulihesabu kifafa cha mitetemeko peke yake. Anayezubaa ni vigumu kumpata kwa kupita nyumba hadi nyumba. Atakayemwona kwanza ni mama, nyanya au mwalimu.

Ufanye nini basi? Mtoto akizubaa, usimtikise wala kumpiga. Kaa naye, hesabu sekunde, kisha mrudie ulichokuwa ukimwambia. Mrekodi kwa simu ya mkononi umwonyeshe daktari. Kliniki daktari anaweza kumwambia mtoto avute na kutoa pumzi kwa nguvu kwa dakika 3. Kwa watoto wengi ambao hawajaanza dawa, kuzubaa hutokea papo hapo. Usijaribu jambo hilo nyumbani.

Akizubaa zaidi ya nusu dakika, au akiamka amechanganyikiwa, huenda ni kifafa cha aina nyingine na picha itahitajika. Akianza kabla ya miaka 4 pia achunguzwe zaidi, kwani watoto wachache wa umri huo ubongo wao haupati sukari ya kutosha kutoka kwenye damu.

Kwa walimu, kumbukeni kwamba viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Mtoto huyu akae mbele, na asiachwe peke yake karibu na maji. Kwa wazazi, anayetaka kwenda kwa mundu mue au kuombewa ni hiari yake, ila dawa isikatizwe. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hakuna aliyemroga mtoto.

Zaidi ya nusu ya watoto hawa hupona wanapofikia ujana, na mara nyingi daktari hufikiria kupunguza dawa baada ya miaka 2 bila kuzubaa. Lakini masomo ya miaka hiyo hayarudi. Mwalimu akikuambia mtoto wako analala macho wazi, mpeleke hospitali kabla ya kumkaripia.