Neno la Siri Litokalo Ubongoni

Sote tumezoea namba ya siri ya simu na ya benki, na wengi wetu tumekwishatoa hata alama za vidole. Lakini alama za vidole zina dosari moja kubwa: zikiibwa, hazibadilishwi. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilikiri kwamba wezi wa mitandaoni walichukua alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6. Watu hao hawana vidole vingine.

Dosari hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyowaelekeza watafiti kwenye ubongo. Tangu Mjerumani Hans Berger alipoyanasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu mwaka 1924, yafahamika kuwa umeme huo hafifu waweza kupimwa juu ya ngozi ya kichwa, pasi na kupasua. Nao hutofautiana baina ya mtu na mtu. Mwaka 2013, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, John Chuang na wenzake walitumia kifaa cha takribani dola 100, chenye kipokezi kimoja kigusacho paji la uso. Waliojitolea walivuta pumzi kwa utulivu, wakaimba moyoni, au wakafikiri jambo walilolichagua wenyewe. Kompyuta ilikosea chini ya mara 1 katika 100. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, nako Marekani, waliwaonyesha watu 50 picha 500, wakawatambua wote bila kosa. Hamsini ni wachache, na maabara tulivu si foleni ya benki mwisho wa mwezi.

Faida yake ni dhahiri: fikra ikiibwa, mwenyewe huchagua nyingine.

Swali zito, hata hivyo, si kama mlango utafunguka, bali kifaa kinachoufungua kinaona nini kingine. Ubongo ukikutana na kitu unachokitambua, hutoa wimbi maalumu takribani theluthi ya sekunde baadaye, wala mtu hakusudii. Mwaka 2012 watafiti wa Oxford, Geneva na Berkeley waliwavisha watu kifaa cha bei nafuu kinachouzwa kwa michezo ya kompyuta, kisha wakawapitishia picha za benki, za nyuso na za tarakimu. Kwa kuyatazama mawimbi hayo waliweza kukisia benki ya mtu, mwezi wake wa kuzaliwa, hata tarakimu ya namba yake ya siri, si kwa yakini, bali kwa ubora kuliko kubahatisha.

Mzazi anayemnunulia mwanawe kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya mchezo na aulize kwanza ni nani atakayeishika amana hiyo.

Chile ilitangulia kuliona jambo hili. Mwaka 2021 iliingiza ulinzi wa taarifa za ubongo katika katiba yake, na Agosti 2023 Mahakama yake ya Juu ikaiamuru kampuni moja ya Marekani ifute taarifa za ubongo za Guido Girardi, aliyekuwa seneta. Girardi alikuwa amekinunua kifaa mwenyewe na kuyakubali masharti. Alipotaka kuzichukua rekodi za ubongo wake, alikuta hawezi mpaka alipie leseni.